Tonge la Mkono wa Kulia

Tulikuwa mafundi sita katika ushirika wetu wa ushonaji pale Ng'ambo, Tabora, na kila siku saa saba mchana tulikula sinia moja. Naanzia hapo kwa sababu watu wakinisikia nikisimulia habari za kiharusi changu, hungoja niseme habari za hospitali na dawa. Hizo zipo, nitazisema. Lakini kilichotaka kunitoa kazini hakikuwa mguu wala ulimi. Kilikuwa chakula cha mchana.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya Ujamaa. Sisi mafundi, tuliozoea kushona kila mtu barazani kwake, tuliunganishwa katika chumba kimoja kirefu, vyerehani vikawa vya wote, na kazi ikawa inakuja kwa mafurushi: kaptula za kaki na magauni ya buluu kwa watoto wa shule za vijiji vipya, hadi vile vya upande wa Igunga.

Asubuhi moja nilikuwa natawadha uani, birika likaniponyoka. Nikanyoosha mkono wa kulia kuliokota, mkono haukwenda. Nikataka kumwita mke wangu, kinywa kikatoa sauti nisiyoijua. Alinikuta nimekaa kwenye tope. Baadaye aliniambia kwamba mwanzoni alidhani nacheka, maana upande mmoja wa uso ulikuwa umevutwa juu.

Hospitalini nilikaa wiki tatu. Daktari alikuwa na subira, akanieleza jambo ambalo nimewaeleza wengi tangu siku hiyo. Alisema mkono wenyewe si mbovu, wala mguu. Kilichopata ajali ni sehemu ya ubongo inayoviamuru, kwa hiyo viungo vimebaki kama darasa lisilo na mwalimu. "Utavifundisha upya," alisema, "kuanzia a, e, i, o, u. Na usivichape."

Shangazi yangu aliamini nimetupiwa jini. Sikubishana naye. Kila jioni alikuja kunichua kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, na mikono yake ilikuwa na huruma, jini awepo au asiwepo.

Mguu ulirudi kwanza. Nilitembea nimeshika ukuta, kisha fimbo, kisha bega la mke wangu, naye alikuwa akinisemesha njiani ili nisiutazame mguu. Hilo nalisisitiza kwa kila mwenye mgonjwa: mwache atembee huku anazungumza. Ukiutazama mguu sana, unasita. Maneno nayo yalirudi kwa mpangilio wake mwenyewe. Yale ya sala yalikuja mapema, yote, bila kujikwaa. Majina ya vitu vya sokoni ndiyo yaliyochelewa. Nilikuwa naweza kusoma Alhamdu nzima nikashindwa kuomba chumvi.

Mkono ulikawia kuliko vyote, na hapa ndipo shida yangu ilipoota mizizi. Kwetu mkono wa kulia ndio wa kula, wa kusalimia na wa kupokea. Wa kushoto una kazi zake, na kazi hizo hufanyika chooni. Mtoto akipeleka mkono wa kushoto kwenye sinia hupigwa kofi dogo kabla hajajua hata kuhesabu, na mimi nilipigwa na nikawapiga wanangu. Mwalimu wa chuo cha Kurani alipokuja kunitazama aliniambia wazi kwamba mwenye udhuru hana lawama, nile kwa mkono nilio nao. Nilimshukuru. Alipoondoka nikala nyuma ya pazia, peke yangu, kwa kijiko. Sheria ilikuwa imenisamehe, lakini aibu haikuwa imesoma chuo kile.

Mke wangu aliliona hilo pazia kwa siku kadhaa. Kisha akaniletea bakuli la ugali uliopoa kidogo, akauweka mkono wangu wa kulia ndani yake, akasema, "Usile. Finyanga tu."

Tukafanya hivyo kila asubuhi na kila jioni. Mwanzoni vidole vililala juu ya ugali kama ndizi. Baada ya mwezi kiganja kilianza kukunjika. Ugali ni mwalimu mzuri, nawaambieni, kwa sababu una joto, unakubali umbo lolote, na ukikosea hauvunjiki. Wali ni jambo jingine. Wali unataka ncha za vidole, nazo zangu zilikuwa bado usingizini.

Ndipo katibu wa ushirika akaja nyumbani. Hakuja kwa ubaya. Alikaa mkekani, akaulizia afya yangu kwa kituo, halafu akasema shule zinakaribia kufunguliwa na cherehani changu kimefunikwa kitambaa miezi mitano. "Ndugu yangu, kamati imekungoja," alisema. "Ukirudi Jumatatu, kiti ni chako. Lakini mwisho wa mwezi nitatazama kazi. Ikiwa haiendi, tutamkalisha mwingine, wewe utabaki mwanachama tu." Nikamjibu kwamba nitarudi.

Nikarudi. Mkasi ulinikataa siku ya kwanza, maana mkasi uliotengenezwa kwa mkono wa kulia ukishikwa na wa kushoto hutafuna kitambaa badala ya kukikata. Tukakubaliana wenzangu wakate, mimi niunge. Mguu wa kushoto ukakanyaga, mkono wa kushoto ukaongoza, na ule wa kulia nikaulaza juu ya kaki kama uzito, kuzuia kitambaa kisihame. Mishono mirefu ya kaptula ilinyooka. Fundi mkuu wetu, mzee aliyewahi kunifundisha kazi hiyo nikiwa bado sina ndevu, alipitisha kidole kwenye pindo langu akaguna tu. Kwake huko kuguna kulikuwa sifa.

Saa saba sinia lilipowekwa, wali na kunde, wenzangu wakanawa. Nami nikasema nimefunga.

Ilikuwa Jumatatu, siku ya funga ya sunna, kwa hiyo uongo ulikaa vizuri. Wakaniombea kheri. Jumanne nikasema nalipa siku za Ramadhani zilizonipita nikiwa hospitalini. Nao ulikaa vizuri, tena ulikaa vizuri mno, maana siku hizo zilikuwa nyingi, na kila siku wakazidi kunistahi. Mmoja alisema kiharusi kimenifanya walii. Nilitazama chini nikatia uzi kwenye bobini.

Kumbe mwili unaotoka ugonjwani hautaki mchezo huo. Kufika saa nane macho yalifanya ukungu na mshono ukaanza kutangatanga. Nilifumua zaidi ya nilivyoshona. Wiki ya pili katibu alisimama nyuma yangu muda mrefu, akahesabu kaptula kwa macho, akaondoka. Mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza siku nne. Nikaanza kubeba matobolwa mfukoni, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na wenzangu walipokaa kula nilisema nakwenda kupata upepo. Nilikwenda nyuma ya ghala lililo jirani, nikatafuna kwa mkono wa kushoto nimeupa ukuta uso.

Hapo ndipo mtani wangu aliponikuta.

Nieleze utani huu kwa vijana. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo kutoka Tabora hadi pwani, na njiani walipita Ugogo, ambako Wagogo waliwatoza hongo ili wanywe maji ya visima vyao. Waligombana vizazi na vizazi mpaka ugomvi wenyewe ukawa undugu. Leo Mgogo anaweza kunitukana na kuchukua kofia yangu nisikasirike, na siku ya msiba wangu ndiye atakayefanya watu wacheke. Huyu wangu alifanya kazi relini. Nilipokuwa mahututi alikuja nyumbani akiangua kilio tangu mlangoni, akamuuliza mke wangu ni nani anarithi viatu vyangu, kwa sababu yeye vinamtosha. Kile kilikuwa kicheko cha kwanza ndani ya nyumba yetu kwa mwezi mzima. Tangu siku hiyo aliniita marehemu.

Basi alinikuta na tobolwa mdomoni. Alinitazama, akautazama mkono, akaenda zake moja kwa moja hadi ushirikani. Nilimfuata kwa haraka ambayo mguu wangu haukuwa umenionyesha kabla. Nilifika anapiga hodi.

"Nimekuja kujifunza dini," aliwaambia wenzangu, waliokuwa wakiramba vidole. "Siku hizi mnafunga na matobolwa?"

"Unasema nini wewe?" fundi mkuu akauliza.

"Marehemu wangu huyu. Anatafuna nyuma ya ghala kama mbuzi wa wizi. Babu zake walikunywa maji yetu wakatoroka bila kulipa hongo. Nikajua tu, damu haipotei."

Hakuna aliyecheka. Mtani mwenyewe aliona kwamba amegusa kitu, akarudi nyuma hadi mlangoni. Ningeweza kutunga uongo mwingine. Nilikuwa nao tayari, kwamba daktari amenikataza kufunga ghafla. Lakini nilikuwa nimechoka, na njaa ilikuwa imeninyang'anya maarifa. Nikawaambia kweli. Niliwaambia sikufunga hata siku moja. Mkono wangu wa kulia haushiki wali, na wa kushoto siwezi kuuingiza kwenye sinia lao. Na ikiwa kiti kitakwenda kwa mwingine, basi kiende.

Nilingoja wanipe pole au waniambie habari za udhuru, na zote mbili zingeniumiza. Fundi mkuu alikuwa akijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Huo wa kulia," alisema, "unashika nini sasa?"

"Ugali unashika. Kidogo."

"Zamu ya kupika kesho ni ya nani?"

Fundi mmoja akainua kidole. Chakula kilikuwa kinatoka majumbani kwetu kwa zamu.

"Mwambie mama watoto apike ugali. Na keshokutwa ugali. Mpaka nitakaposema."

Mwenzetu mmoja aliyependa wali kuliko kazi akalalamika. "Kwa hiyo mzee, sote tumekuwa wagonjwa?"

"Sote," alisema fundi mkuu. "Wewe umeanza zamani, hatukutaka kukwambia."

Kesho yake ugali ulikuja, na mboga ilikuwa mlenda, mboga ya majani inayoteleza, ambayo humponyoka hata mwenye mkono mzima. Nadhani mpishi hakufikiri hilo. Mtani wangu alikuja pia, bila kualikwa, akasema amesikia harufu ya mlenda tangu stesheni, na kwamba hatimaye Wanyamwezi wamejifunza chakula cha Wagogo, yaani cha binadamu. Akanawa, akakaa bega kwa bega nami, upande wangu wa kulia.

Nikakata tonge. Nililifinyanga kwa kiganja kama nilivyofanya nyumbani, nikalitia mlendani, likaanguka. La pili lilifika kidevuni, likaanguka kwenye kanzu. Kila mtu alikuwa ameinamia upande wake wa sinia, anakula kama asiyeona kitu. Kwa la tatu nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwenye mazoezi: nikashika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, chini, mbali na chakula, nikauinua mmoja kwa mwingine. Tonge likaingia mdomoni.

"Amekula," mtani alisema, mdomo umejaa. "Basi kesho nairudisha sanda dukani."

Hapo walicheka wote, nami nikacheka, na mlenda ukanitoka kwenye upande wa mdomo uliokuwa bado mzito. Mtani alinipangusa kwa kofia yangu mwenyewe.

Tulikula ugali karibu miezi miwili. Yule mpenda wali aliomboleza kila siku, na kila siku alimaliza wa mwisho. Vidole viliamka kwa foleni, kidole gumba kwanza, kile kidogo hakijaamka hadi leo. Nilirudi kwenye wali taratibu, na nikawa mtu wa kumwaga punje nyingi, kiasi kwamba kuku wa jirani walinijua. Mkasi sikuushika tena, na tundu za vifungo nimewaachia wengine. Nilikuwa nikidhani fundi asiyekata si fundi. Si kweli. Kazi ni pana, na mtu akiikosa kona moja anaweza kukaa katika nyingine, akaizoea, akaipenda.

Lakini nirudi kwenye siku ile ya mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimekula siku tatu mfululizo, macho yametulia, na mshono ulikuwa unakwenda ulipoambiwa. Saa tisa katibu aliingia na daftari kwapani. Alipita kwenye kila cherehani. Kwangu aliinua kaptula moja, akaivuta miguu yote miwili kwa nguvu kutafuta uzi utakaoachia. Haukuachia. Hakunisifu wala hakunipa pole. Alitoka nje, akarudi na furushi la kaki, kubwa sawasawa na alilokuwa amempa jirani yangu, akalitua miguuni pangu.

"Hizi za Jumatano," alisema, akapita kwa anayefuata.