Milingoti ya Bonde la Kanisa

Walisema mtoto wa mjane wa Kichiwa hataweza kuvaa joho. Walisema nikienda chuo nitarudi na kikohozi tu. Nakumbuka siku ile nilivyoshuka stendi ya Makambako, diploma ya kilimo ndani ya bahasha ya kaki, viatu vinang'aa, nikamwomba Mungu anikutanishe na hao waliosema. Akanikutanisha nao, karibu wote. Nilijisomesha kwa kubeba magunia ya viazi kwa mgongo huu huu, na mpaka leo sioni aibu kujisifu.

Lakini leo nina hasira, mwanangu, wala sitaificha. Jana mliniletea muhtasari wa kikao cha usharika niusaini. Mnataka kupanda milingoti, mikaratusi hii ya nguzo, katika bonde la kanisa, nguzo zikiuzwa tumalizie paa. Mmewahi kujiuliza kwa nini vilima vyote vya hapa vimejaa milingoti, na bonde lile halina hata mmoja? Niliipanda mimi. Nikaing'oa mimi.

Wakati ule bondeni palikuwa na kinyungu cha akina mama wa usharika, bustani ya kulima kiangazi, mashamba ya juu yakishakauka. Mboga zake zilikwenda kwa wajane na kwa wagonjwa waliolazwa hospitali ya Ilembula. Chemchemi iliyokinywesha ndiyo iliyotunywesha na sisi. Mimi na diploma yangu tukasimama kanisani: "Bonde hili ni talanta iliyofukiwa. Tupande miti, usharika upate fedha!"

Mama Mwalongo, mwenyekiti wa akina mama, akauliza, "Mwanangu, miti hiyo inakunywa sana. Nani atainywesha?"

"Mama, hayo ni mambo ya kitaalamu," nikamjibu mbele ya watu wote. Wakacheka. Nami nikafurahi kwamba nimewachekesha.

Miti ilikua vizuri, sina budi kusema. Mwaka wa nne chemchemi ikawa tope, kisha ikawa ufa. Watu wakashuka kuteka kwenye kijito cha chini, ambako wakulima wa viazi husuuza mabomba ya dawa. Watoto wa shule ya Jumapili wakaanza kuugua matumbo. Mchuma janga hula na wa kwao.

Jumamosi moja nikamkuta Mama Mwalongo na wenzake wawili wakifunga mboga walizochuma kwenye vinyungu vya nyumbani kwao, ili wagonjwa wasikose.

"Kamwene, mama," nikasema. "Bwana awabariki kwa sadaka hii."

"Sadaka gani? Huu ni mkopo. Tunakukopesha wewe. Mgonjwa hali diploma."

"Mama, nguzo zikiuzwa..."

"Ulisema talanta imefukiwa. Aliyeifukia ni nani? Nenda kaifukue. Jembe unalijua, au nalo ni la kitaalamu?"

Wale wawili walicheka mpaka vikapu vikatikisika.

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikachukua shoka na sururu. Mlingoti ukiukata tu unachipua. Lazima kisiki kitoke ardhini. Wale wale wa joho wakapita njiani: "Kisiki cha kumi hakifiki huyo." Nilikifikia cha mwisho, peke yangu, na viganja vyangu vina alama hadi leo. Ilipita misimu miwili ya mvua kabla tope halijarudi, ndipo maji yakafuata.

Kwa hiyo sisaini. Mnafundishwa uwakili kanisani kila mwaka, mnadhani ni bahasha ya ahadi ya sadaka peke yake. Wakili ni mtunzaji wa mali isiyo yake. Fedha ya kanisa, tumbo la mtoto na maji ya bondeni ni mali ya Mwenyewe mmoja, na atakayeuza kimoja ili kupamba kingine amemwibia. Paa litasubiri. Tutanyeshewa ibadani, tutakauka. Chemchemi ikikauka, mtanyeshewa na nini? Na mzee asiye na cheti akiuliza swali, mjibuni. Msimchekee.

Dawa ya deni ni kulipa. Kinyungu kilipozaa tena nilijaza vikapu, nikapita milango mitatu, Jumamosi kwa Jumamosi, mpaka kila mmoja akasema basi. Cha mwisho nilikipeleka kwa Mama Mwalongo. Alikuwa ameketi jikoni, miguu haimchukui tena. Akapekua kikapu, akainua fungu la figiri.

"Mtaalamu! Figiri huchumwa majani. Wewe umeng'oa na mizizi. Umezoea visiki."

Nikacheka naye. Kisha akaniwekea kichwani mkono wenye udongo wa bonde lile, akasema, "Umelipa. Bwana akupe maji mpaka uzeeni, na moyo wa kuwaachia wengine."

Uzeeni nimefika, na maji ninayo. Nawe mwanangu, Bwana akupe hayo hayo. Njoo uchukue karatasi yako.