Aliyekaa Kitini kwa Niaba ya Mzee Bitegeko

Ukutani kwa familia moja ya Ihembe imetundikwa picha ya mwanamume mwenye koti jeusi na sharubu nyembamba. Wajukuu humwita babu. Picha hiyo niliipiga mimi, na aliyekaa kitini alikuwa mwanamke.

Nirudi nyuma kidogo, ili vijana wanaopiga picha kwa simu waelewe tulivyofanya kazi.

Siku yangu ya kwanza katika studio ya Kayanga sikugusa kamera. Mwenye Studio, Mhaya wa Muleba, alinipa brashi ya nguo akasema, "Anza na koti." Koti lilikuwa moja, na kila mteja asiye na lake alilivaa. Mnene hakulifunga vifungo. Mwembamba tulimkaza mgongoni kwa vibanio vya kamba ya kuanikia. Ndiyo maana Karagwe nzima utakuta wanaume wasiojuana wamevaa koti lilelile, nyuma yao ngazi ya ndege. Ndege yenyewe ilikuwa pazia, kitambaa kilichochorwa na fundi wa mabango.

Baadaye niliingizwa chumba cha giza, ambamo tulisafisha filamu kwa dawa hadi tupate negativu, yaani picha ya kinyume: cheusi huwa cheupe, cheupe huwa cheusi. Mwenye Studio aliweza kuinua negativu dirishani na kumtaja mtu kwa jina.

Kisha nikapelekwa Kimuli kwenye tawi letu, chumba kimoja jirani na mashine ya kusaga. Unga ulitua hadi kwenye lenzi. Msimamizi wa tawi, mama mkali asiyependa picha za haraka, alinifundisha jambo moja: "Usimuulize mteja anataka picha ya namna gani. Muulize nani ataitazama."

Nilikuwa nimesharudi Kayanga siku Adventina alipoingia, kichwa kimenyolewa kwa msiba.

"Tata, baba yangu Mzee Bitegeko, amekufa bila picha," alisema. "Alikuwa anakimbia kamera kama mtoto anavyokimbia sindano. Sasa mama analia kwamba sura yake inamtoroka."

"Binti," Mwenye Studio akamjibu, "aliyezikwa nitampigaje?"

"Nitazame mimi. Kijijini wananiita Bitegeko mwenye sketi."

Mwenye Studio alicheka. Halafu akamtazama tena, akaniambia nilete koti.

Tuliliondoa pazia la ndege, kwa kuwa Mzee Bitegeko hakuwahi kufika mbali hivyo. Nilimwambia Adventina asitabasamu.

"Tata alicheka sana," akanisahihisha, "ila si mbele ya wageni."

Picha ilipokauka, Mwenye Studio aliiongezea sharubu kwa brashi nyembamba na wino.

Nilimsindikiza Adventina kuipeleka Ihembe. Mama yake aliishika kwa mikono miwili, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango.

"Karibu nyumbani, Bitegeko," alisema. "Lakini koti hili umeazima kwa nani?"

Nyumba nzima ikacheka. Kisha yule mama akamtazama binti yake, tena kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama picha. Akaagiza itundikwe. Nilisikia kwamba aliisalimia kila asubuhi hadi alipofariki.

Siku hizi studio ni duka la vipuri vya bodaboda. Sinung'uniki, simu inapiga vizuri, na watu wanajitazama mara nyingi kuliko zamani. Ninachokikumbuka ni kusubiri. Mtu alikaa kitini, akaenda zake, akarudi baada ya siku kadhaa kujiona.

Majuzi alinijia Projestus, mtoto wa kaka yake Adventina.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunajengea kaburi la babu kwa vigae. Tunataka sura yake ichapwe kwenye kigae kimoja. Ile ya ukutani imefubaa. Negativu yake unayo?"

Ninayo. Lakini sharubu zilichorwa kwenye karatasi; kwenye negativu hazimo. Nikamwambia anipe muda niitafute, nami nikamtumia shangazi yake ujumbe.

Adventina alifika kwa bodaboda, mzee sasa, akilalamikia mgongo. Aliinua negativu dirishani kama alivyofanya Mwenye Studio.

"Nikisema ukweli, hawa watoto watakosa babu," alisema. "Nikinyamaza, nitakuwa kaburini kabla sijafa."

Nikamuuliza swali la Kimuli: nani ataitazama?

"Mimi pia. Kaburi liko shambani. Kila nikienda kukata ndizi, nitakutana na mimi."

Akairudisha negativu kwenye bahasha. "Usimpe bado. Nitaongea naye mwenyewe."

Juzi Projestus akanipigia simu. "Mzee, shangazi alikuja. Akakaa, akanywa chai, akaitazama picha ukutani, akaondoka. Alitaka nini?"

"Muulize yeye," nikamjibu.

Vigae vimekwisha kuwekwa. Katikati, upande wa kichwani, fundi ameacha nafasi ya mraba kama kiganja. Hadi leo ni saruji tupu.