Mlio wa Mgongo wa Baba

Nyumbani kwangu ni marufuku kualisha vidole, kuvivuta mpaka vilie. Wanangu wanajua, na mgeni akianza mimi natoka nje. Wananiita mkali, na kweli ni mkali, ila hawajui ninachokimbia.

Baba alikuwa askari jeshi, mtu wa kaskazini. Akitoka lindoni alilala kifudifudi mkekani, pale kwetu Kisugu, akaniita: "Wewe, kuja kanyaga mgongo yangu." Kazi hiyo niliianza nikiwa na miaka saba. Nilishika ukuta, nikatembea juu yake taratibu, naye akiguna kwa raha. "Kanyaga tu. Mimi si yai."

Nilipofika miaka kumi na tano nilikuwa pande la msichana, lakini bado aliniita mimi. Jumapili moja alinikatalia kwenda harusini na wenzangu. Nilipanda nimenuna. Nilipofika katikati ya mgongo nikashindilia kisigino kwa hasira, makusudi kabisa. Kitu kikalia ko. Baba akasema, "Hapo hapo. Asante, mwanangu."

Miezi michache baadaye miguu yake ilianza kufa ganzi. Ikaja fimbo, kikaja kitanda. Hospitali walieleza mengi, sikuelewa hata moja. Mpaka anakufa aliwasifia wageni kwamba hakuna aliyeujua mgongo wake kama mimi. Sikumwambia mtu. Mwiba wa kujichoma hauna pole.

Mwaka huu mgongo wangu nao ukagoma. Nikaenda Bugolobi kwa Mkenya mmoja anayenyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Alinilaza ubavu, akapapasa pingili moja moja, akanisukuma ghafla. Ko. Machozi yakanitoka, akadhani ni maumivu.

"Pole, mama. Huo mlio si mfupa. Ni hewa tu ndani ya kiungo."

Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa namsubiri mtu wa kuniambia maneno kama hayo. Nikamuuliza kama mtoto akikanyaga mgongo wa baba yake anaweza kuuharibu, hadi miguu ife.

Akajibu, "Inategemea. Huyo mtoto ana miaka mingapi?"

"Saba," nikasema.

Akacheka. "Wa miaka saba? Hapana, mama. Huyo hawezi kuumiza mtu mzima. Toa wasiwasi."

Akaniambia nigeukie upande wa pili. Nikageuka, nikijua kwamba mtu pekee aliyeweza kunijibu nimeshamdanganya.