Aliyepiga Simu kwa Kiganja

Sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mtaani Huruma, jua likiwa bado juu ya maghorofa, na sikuwa nimeonja hata tone la chang'aa. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize.

Ilikuwa miaka ya tisini, zile simu za kadi zilipoingia mitaani kwetu. Nilizipenda mno! Hakuna tena kubeba sarafu mfuko mzima, hakuna simu kumeza shilingi yako ikanyamaza. Unaingiza kadi, unaongea, simu inajikatia pesa yenyewe. Usalama je? Nilidhani usalama ni kuificha kadi vizuri mfukoni.

Siku hiyo nilikuwa nimenunua kadi mpya, kwa sababu mama alikuwa amelazwa hospitali huko kwetu magharibi. Daktari alitaka kumpasua kesho yake. Mama aliogopa kisu, akasema atafuata neno langu mimi, kifungua mimba wake. Dada yangu alikuwa amemwomba karani wa hospitali, wakamkalisha mama kando ya simu jioni hiyo anisubiri. Neno langu lilikuwa moja tu: kubali, mama.

Mbele yangu kwenye foleni alisimama mwanamume wa makamo mwenye koti safi, safi kupita kiasi kwa vumbi la Huruma. Akageuka.

"Mulembe, mwana wa mama."

Wewe ungefanyaje? Watu wa kwetu tukikutana mjini ndivyo tunavyoamkuana, hata kama hatujuani. Nikamjibu, "Mulembe, mwana wa mama." Akauliza kwetu ni wapi, mama ni wa ukoo gani, kwa nini nina wasiwasi. Nikamwambia yote. Niamini, kwetu kumnyamazia mtu wa nyumbani ni kumtukana.

Zamu yake ilipofika, niliona hana kadi. Aliweka kiganja pale kadi inapoingia, basi. Kioo kikawaka. Nikajiambia, hawa ndio wale wajanja wa mjini, na kusema kweli nilimwonea gere kidogo. Akanipa mgongo, akaongea kwa sauti ya chini. Mara akacheka. Kicheko kile nilikijua, lakini sikukumbuka ni cha nani.

Akaweka simu, akashika njia ya Mathare bila kuniaga. Nikasogea.

"Wewe baba, si umepiga sasa hivi?" mama mmoja nyuma yangu akafoka. "Unataka kulala na hiyo simu?"

"Sijapiga. Ni yule mwenye koti."

"Koti gani? Ni wewe umekuwa hapo ukicheka."

Nywele zikanisimama. Nikatoa kadi yangu, ambayo haikuwa imetoka mfukoni tangu niinunue, nikaiingiza. Kioo kikasema imekwisha.

Yule mama aliuona uso wangu, akanipa kadi yake, Mungu ambariki. Dada akapokea.

"Umesahau nini tena? Mama ameshaondoka. Si umemwambia akatae kisu, arudi nyumbani?"

Nikapiga kelele kwamba hakuwa mimi.

"Wacha mchezo. Sote tumesikia sauti yako."

Nilisafiri usiku huohuo. Nilimkuta mama kitandani kwake, ametulia, nikamsihi mpaka nikalia. Akanishika mkono. "Mwanangu, neno la kwanza ndilo lililotoka moyoni. Hili la pili umefundishwa na daktari." Hakurudi hospitali. Tulimzika kabla mahindi hayajavunwa.

Nimewaza sana yule alikuwa nani. Aliniomba kuwa mwana wa mama yangu, nami nikamkubalia kwa kinywa changu. Kadi ilikuwa kazi ndogo kwake.

Siku hizi naona watu wakigusisha kadi tu dukani, hawaiingizi popote, na tayari wamelipa. Ni rahisi, sikatai. Lakini kadi haimjui mwenyewe, nami niliona malipo ya kugusa kabla hayajavumbuliwa. Nalipa taslimu.

Nawe ukimpigia mzazi wako, anza kwa kumwambia jambo mnalolijua nyinyi wawili tu. Mimi sikuwahi. Dada yangu anaamini mpaka leo kwamba nilimuua mama kwa mdomo wangu. Nikimpigia, husikiliza sauti yangu kidogo, halafu hukata.