Mnunuzi wa Pamba Asiyejua Kisukuma

Naona aibu mpaka leo, na kustaafu hakujaipunguza, lakini kwa kuwa mmeniuliza mtu niliyekuwa bosi wa kuwinda majasusi nilimaliziaje kazi kwenye chumba cha mafaili, basi sikilizeni, mcheke mmalize.

Soko la pamba lilikuwa limefunguliwa kwa watu binafsi, wanunuzi wamejaa Bariadi, tukasikia kuna mgeni mmoja anayeuliza habari za kambi za jeshi zaidi ya bei ya pamba. Nilikuwa na vijana wa kutuma, tena wazuri, lakini nikasema naenda mwenyewe (sifa hizo, jamani), maana kule ni kwetu. Nikajiita Hamisi wa Tanga, mnunuzi nisiyejua hata neno moja la Kisukuma. Siku tatu nikala na yule mgeni, akaniamini, akaahidi jioni ya siku ya nne kunionyesha makaratasi yake.

Asubuhi hiyo tuko mizanini Ngulyati, bibi mmoja akatua furushi lake la pamba, akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Sasa kwetu mkubwa akikusalimu unainama, unaitikia, na unasema wewe ni wa nani; basi mdomo ukatangulia akili, nikaitikia vizuri kabisa na kumtaja baba yangu, Masanja, na ukoo wake juu.

Bibi akafurahi, akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Kumbe ndiwe yule wa upelelezi. Mama yako alituambia wote, akatusihi tusimwambie mtu."

Foleni nzima ikacheka, na mgeni (Kiswahili alikijua) akanigeukia. Nikasema, "Bibi, umenifananisha, mimi ni Hamisi."

Akaniangalia kwa huruma. "Masanja yu hai, yuko shambani kwake, nawe unamkana?"

Nikajisikia vibaya kweli. Ningerudia uongo ule mara moja tu, pengine kazi ingepona. Nikashindwa.

"Hapana, bibi. Ni baba yangu."

Kufika mchana mgeni alikuwa Malampaka anasubiri treni, na ripoti ya jinsi alivyotuponyoka niliiandika kwa mkono wangu; ndiyo iliyonipeleka chumba cha mafaili. Jioni nikaenda kwa baba. Alishaletewa habari yote, lakini hakuuliza upelelezi wala jasusi, aliuliza tu, "Ulinikana kwa muda gani?"

"Kidogo tu, baba," nikamjibu, naye akaisogeza sahani yake pembeni, hakula. Jina la kujipachika sijalitumia tena, hata kwenye daftari la nyumba ya wageni.