Sinia Lililorudi Safi

Mwezi uliopita nilikuwa Garissa, nyumbani kwa dada yangu mdogo, nikisubiri jua la mchana lipoe. Binti yake alikuwa amelala kifudifudi sakafuni na daftari mbele yake. Mwalimu wao aliwaagiza waandike walichokula jana mchana, na kila chakula kinaleta nini mwilini. Msichana aliandika wali, nyama ya ng'ombe, mboga. Kisha akaniuliza mimi, mama yake mkubwa, "Habaryar, wali unaleta nini?" Nikamwambia nguvu. "Na nyama?" Nikamwambia damu. Dada yangu, aliyekuwa akimenya karoti mlangoni, alininyanyulia macho, akacheka kwa pua, akarudi kwenye karoti zake.

Ngoja nikueleze kicheko kile kilitoka wapi.

Tulilelewa Masalani, kwa nyanya yetu, tuliyemwita ayeeyo kama watoto wote wa kwetu. Wazazi wetu walikuwa Garissa wakiuza nguo, nasi tulibaki huko kwa sababu ya shule. Ayeeyo alikuwa mtu wa ng'ombe, kutoka upande wa Hulugho. Alikulia kwenye maziwa na nyama, na majani aliyajua kama chakula cha mifugo. Ukame ndio uliomleta mjini, na ng'ombe walipokwisha ndipo alipoanza kununua mchicha na majani ya kunde kwa wanawake waliolima kando ya mto. Alinunua kwa uso wa mtu aliyeshindwa. Lakini alinunua, kwa sababu aliambiwa kliniki kwamba mtoto asiyepata maziwa ya kutosha lazima apate mboga.

Basi akabuni chungu chake. Sisi wawili tulichambua mchele, tukiruka mawe machache kwa makusudi ili tumalize upesi. Yeye alitwanga bizari nzima na iliki kwenye kinu kidogo cha shaba, na mlio wake ulifika hadi kwa jirani. Nyama ilichemka mpaka ikaachana na mfupa. Wali uliivia kwenye mchuzi uleule, na mwishoni mboga zikakatwa nyembamba na kufichwa ndani, pamoja na karoti na kijiko cha samli. Harufu ya samli ikigusa wali wa moto, hata paka wa msikitini alihamia kwetu.

Tulikula kwa sinia, mimi na dada yangu. Kila mtu ana upande wake, na mkono hauvuki. Nyama hukaa katikati, huliwa mwisho, na mkubwa ndiye hugawa. Mkubwa nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi, yeye saba. Ayeeyo alikula baadaye, na jirani yake mjane, upande wa pili wa ua. Hakutusimamia. Aliangalia sinia tu lilipomrudia, na likiwa safi alisema alhamdulillahi.

Dada yangu alichukia majani. Aliyachomoa moja moja kwa vidole vyake vya samli na kuyapanga pembeni kama takataka. Siku moja yalibaki, na ayeeyo akatugombeza. "Mbuzi akila majani ananipa maziwa," alisema. "Nyinyi mtanipa nini?"

Kesho yake dada yangu aliyasukuma majani yake upande wangu. "Nilie haya," akaninong'oneza. Nikamwambia nitamlia, lakini kipande kimoja cha nyama yake ni changu. Akakubali haraka, hata akanishukuru. Wiki mbili baadaye nikataka viwili. Mwezi haujaisha nikataka vyote, na yeye akabaki na wali mtupu, tumbo limejaa, na furaha ya kutokula majani. Sinia lilirudi liking'aa. Ayeeyo alishukuru kila siku.

Sikuona alipoanza kupungua. Niliona tu kwamba ananichelewesha. Tukienda shule alikaa chini mara mbili njiani. Tukirudi na jerikeni la maji alitaka nibebe peke yangu, nami nikamwita mvivu. Kisha akaanza kula udongo. Aliuchokonoa ukutani nyuma ya jiko na kuulamba, na ayeeyo akapaka shubiri ukuta mzima. Dada yangu akahamia ukuta wa jirani.

Ndipo tukaenda kliniki, sote watatu. Nesi alimvuta dada yangu kope ya chini, akamgeuza viganja, akamtoboa kidole. Viganja vilikuwa vyeupe kama ndani ya ganda la yai.

"Mama, mtoto huyu hana damu," alisema. "Ikishuka zaidi ya hapa itabidi apelekwe Garissa aongezewe. Anakula nini nyumbani?"

Ayeeyo aliketi wima. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na kila p kinywani mwake ilikuwa b. "Anakula mchele. Anakula nyama ya ng'ombe. Mboga iko ndani. Mimi nabika kila siku, sinia inarudi safi."

"Kila siku nyama?"

"Kila siku ile Mungu ameleta."

Nesi aliweka kalamu chini. Hakuwa mkali. "Mama, mtoto anayekula hivyo hawi hivi. Ukinificha, sitaweza kumsaidia."

Benchi lilikuwa limejaa wanawake wanaotujua. Wote waligeuka. Ayeeyo, ambaye hata katika mwaka mbaya hakuwahi kuomba mtu unga, aliitwa mwongo mbele yao, ingawa alikuwa amesema kweli yote aliyoijua. Alinitazama mimi, mkubwa, nithibitishe.

"Nyama yake naila mimi," nikasema. Nilimwambia nesi, kwa Kiswahili, nikitumaini kwa uoga wangu kwamba ayeeyo hatafuata. Alifuata.

Nesi hakunigombeza. Alieleza taratibu, akimtazama ayeeyo, kwamba chungu chake ni kizuri. Wali ni nguvu ya kukimbia, nyama ndiyo ya damu, na mboga na ndimu huusaidia mwili kuipokea. Ila kila tumbo lipate vyote. Akampa dada yangu dawa, akaongeza kwamba chai isiandamane na chakula, isubiri kwanza. Ni hilo la chai pekee ambalo ayeeyo alilipinga mpaka mlangoni.

Njiani aliniuliza jambo moja tu. "Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza."

"Nami nilikuwa nashukuru," akasema.

Laiti angenipiga.

Jioni hiyo dada yangu aliwekewa sahani, ile ya bati yenye ukingo wa samawati ambayo kwetu ilikuwa ya mgeni au mgonjwa. Ini, wali, mchicha, ndimu imeminywa juu. Alilia kwa kutengwa, akaniita mchongezi, akakataa kusema nami kwa siku nyingi. Ayeeyo aliketi mbele yake mpaka jani la mwisho liingie. Mimi nilibaki na sinia zima, na nafasi tupu mbele yangu, na nyama ambayo sikuweza kuimaliza.

Viganja vyake vilirudi rangi polepole. Aliacha ukuta. Siku moja alinipita njiani akikimbia, na sikumfikia. Ayeeyo akamwambia, "Sasa rudi kwa dada yako." Dada yangu akaivuta sahani kifuani. "Hapana," alisema. "Huku hakuna mkono wa mtu."

Sinia la mtu mmoja halina maana. Nami nikapewa sahani, na lile sinia likawa la kuchambulia mchele.

Siku hizi karibu kila nyumba ninayoingia watoto wana sahani zao, na ni vyema, mama anaona nani amebakisha nini. Ningerudishwa kwenye benchi lile ningesema tena nilichosema. Lakini tulipoacha kula pamoja kuna kitu kilitutoka ambacho dawa ya nesi haikukirudisha: ile hali ya kumwachia mwenzako akugawie bila kumtazama mkono.

Nyama huliwa mwisho, ndivyo tulivyofunzwa, na mimi bado nafanya hivyo. Dada yangu, mwenye jiko lake na watoto wake, hula nyama kwanza. Sijawahi kumuuliza kwa nini.