Ruhusa ya Kicheko

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, shuka hukunjwa na watu wawili. Mmoja hushika ncha hizi, mwingine zile, wanavuta, wanasogeleana, wanapokezana. Mama Pasi na Kicheko walikunja pamoja tangu ujana wao, mpaka wakawa hawaiangalii tena mikono. Midomo ndiyo iliyokuwa kazini. Kicheko hakupewa jina hilo bure. Alimcheka hata meneja, tena mwenyewe akiwepo.

Kisha Mama Pasi akapewa usimamizi, na chumba kizima kikanuna. Walikuwa na haki yao. Msimamizi aliyetangulia alikuwa na watu wake: hao walikunja foronya na kuondoka mapema, wengine wakabaki kuvunjika migongo kwa mablanketi yaliyolowa.

"Kicheko ameula," alisema fundi wa mashine, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika.

Maneno yale yalimkaa Mama Pasi rohoni. Akawaita wote, akawatangazia: kazi nzito itakwenda kwa zamu, na ruhusa ya kutoka itaombwa siku moja kabla, awe nani awe nani.

"Na dharura je?" akauliza Kicheko. "Tuziambie nazo zitoe taarifa?"

Watu wakacheka, Mama Pasi naye akacheka, lakini hakujibu. Swali lilikuwa la maana, na mtu mwenye akili zake angelijibu pale pale. Yeye aliogopa kuonekana amelegea kabla hata hajaanza.

Hakuishia hapo. Alimpangia Kicheko mtu mwingine wa kukunja naye. Akaacha kula naye chakula cha mchana, watu wasije wakasema. Alijua kwamba shemeji yake, mume wa Kicheko, alikuwa anaumwa. Kwamba amezidiwa hakujua, maana habari kama hizo walikuwa wakipeana wakati wa kula.

Asubuhi moja simu ya Kicheko iliita. Aliongea kidogo, akaacha shuka mezani, akamfuata Mama Pasi.

"Msimamizi, naomba nitoke mara moja. Nyumbani si kuzuri."

Mikono ikasimama chumba kizima. Fundi wa mashine aliegemea ukuta, akakunja mikono kifuani, akangoja.

"Ruhusa inaombwa siku moja kabla," alisema Mama Pasi.

Kicheko alimtazama, kisha akawatazama wale waliokuwa wakiwatazama.

"Sawa," akasema, akarudi kwenye shuka lake.

Alikunja mpaka saa ya kutoka. Jioni, fundi wa mashine, ambaye hakuwahi hata kumsalimia vizuri, alimletea Mama Pasi kikombe cha chai.

"Mkubwa, leo umetumaliza," alisema. "Rafiki yako wa damu kabisa! Sasa tunajua tuko na nani."

Ndiyo maneno aliyokuwa akiyasubiri tangu siku ya kwanza. Aliona raha, raha ya kweli, akainywa chai ile taratibu mpaka ikaisha.

Mume wa Kicheko alikuwa amefariki mchana. Dada wa marehemu tu ndiye aliyekuwa kando ya kitanda, na mgonjwa alikuwa akimuulizia mkewe.

Walikwenda msibani wote, chumba kizima. Mama Pasi alipenya katikati ya wanawake, akapiga magoti mbele ya rafiki yake. Machozi yalimtangulia.

"Kwa nini hukuniambia, mwenzangu?"

"Ningekuambia ungeniruhusu," alisema Kicheko. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Halafu wangesema, ndiyo yale yale. Niliona unavyotaka wakuamini. Nikadhani atanisubiri."

Mama Pasi alitaka kukaa pale pale chini, bega kwa bega naye, kama walivyokaa kwenye misiba yote ya ujana wao. Wenzao wa kazini walikwisha kukaa mkekani, wamembana Kicheko huku na huku, na fundi wa mashine alisogea kwa heshima ili mkubwa wake apite.

Kicheko alifuta macho, akamgeukia dada wa marehemu.

"Wifi," alisema, "mletee msimamizi wetu kiti."

Kiti kikaletwa, kikawekwa kando, mbali kidogo na mkeka. Mama Pasi akakaa.